Zamu Hewani: Kugawana Muda wa Kurusha Mawimbi ili Kulinda Siri

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Mombasa mbele ya wahandisi, walimu, wanafunzi na wananchi

Nimekuja na jambo ambalo mara nyingi huzungumzwa na wataalamu wachache maabarani. Nimelileta hadharani kwa sababu linamhusu kila aliyeingia humu na simu mfukoni.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba siri ya mawasiliano yasiyotumia waya hununuliwa kwa muda, na kwamba watu wanaokubali kupokezana muda huo hupata siri ambayo hakuna hata mmoja wao angeipata peke yake. Nitaanza na historia fupi, nitaeleza hoja nne, nitataja mipaka yake, kisha nitasema ni kazi gani inatungoja.

Kupokezana muda hewani si jambo geni kwetu. Katika mtandao wa GSM, masafa mamoja ya kurushia hugawanywa zamu nane. Simu hupewa kipande cha muda cha takriban milisekunde 0.577, hutuma kilicho chake, hunyamaza kuwapisha wengine saba, kisha zamu yake hurudi. Mnapoongea na jamaa zenu hamsikii ukimya huo, lakini upo mamia ya mara katika kila sekunde. Zamu hizo zilibuniwa ili watu wengi watoshee katika masafa machache. Swali langu ni hili: je, zinaweza pia kutulinda na anayetega sikio?

Utangulizi: Hewa haina mlango

Redio ilipokuwa bado changa, wapo walioamini kwamba ukiifunga mitambo miwili kwenye masafa mamoja, hakuna mwingine atakayesikia. Guglielmo Marconi mwenyewe alijivunia jambo hilo. Mwezi Juni 1903, John Ambrose Fleming aliandaa maonyesho katika ukumbi wa Royal Institution mjini London, akingojea ujumbe wa Marconi kutoka Poldhu, pwani ya Cornwall. Kabla ya ujumbe huo kufika, mtambo ukaanza kugonga maneno ya dhihaka. Mwanamazingaombwe Nevil Maskelyne alikuwa ameweka mtambo wake karibu, akarusha mawimbi yake mwenyewe, na akathibitisha mbele ya umma kwamba hewa ni uwanja wa wote.

Mfano wa pili uko hapa hapa mjini. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, meli za kivita za Waingereza katika Bahari ya Hindi ziliondoka huko na kuja Kilindini, na wavunja misimbo wao wakafuatana nazo. Waliwekwa katika jengo la shule ya Allidina Visram, ambako wengi humu mmesoma au mmesomesha watoto wenu. Kutoka hapo wakawa wanasikiliza redio za Wajapani ng'ambo ya bahari, na kabla ya mwaka huo kwisha wakauvunja msimbo wa meli za biashara uliojulikana kama JN-40.

Nawaomba mshike jambo moja katika kisa hiki, maana nitalihitaji baadaye kidogo. Mawimbi ya Kijapani yalifika Kilindini yakiwa hafifu. Wasikilizaji walikuwa mabingwa, lakini ujumbe mwingi uliwapita, na mwaka 1943 shughuli hiyo ikarudishwa Colombo. Bingwa wa misimbo asiyesikia vizuri hana cha kuvunja.

Hoja ya 1: Siri hupimika

Mwaka 1949 Claude Shannon wa maabara za Bell, Marekani, alichapisha makala juu ya nadharia ya siri katika mawasiliano. Alithibitisha kwamba siri kamili ipo, lakini bei yake ni kubwa: wenye siri sharti wawe na ufunguo wa kubahatisha, wenye urefu usiopungua ule wa ujumbe, na wasiutumie tena. Shannon alichukulia kwamba mdukizi anaupata ujumbe uliosimbwa sawasawa na mpokeaji halali, bila kukosa hata herufi.

Mwaka 1975 Aaron Wyner, naye wa maabara za Bell, aliuliza: itakuwaje ikiwa mdukizi anasikia vibaya kuliko mpokeaji? Akathibitisha kwamba hapo siri inawezekana hata bila ufunguo. Mwaka 1978 Imre Csiszár na János Körner wa Hungaria wakaipanua kanuni hiyo, na mwaka huo huo Sik Leung-Yan-Cheong na Martin Hellman wakaonyesha kwamba katika njia ya redio yenye kelele ya kawaida, kiwango cha siri ni tofauti ya uwezo wa njia mbili: ya mpokeaji toa ya mdukizi.

Tuhesabu pamoja. Tuseme kwa mpokeaji ishara ina nguvu mara 15 ya kelele. Kanuni ya Shannon inatuambia tuongeze moja, tupate 16, kisha tuulize 16 ni zao la mbili ngapi. Ni mbili nne, kwa hiyo njia inabeba biti 4 kwa kila mpigo wa ishara. Kwa mdukizi, tuseme ishara ni mara 3 tu ya kelele. Tatu na moja ni nne, ambayo ni zao la mbili mbili, kwa hiyo njia yake inabeba biti 2. Nne toa mbili ni mbili. Biti 2 kwa kila mpigo zinaweza kupita salama.

Zinapitaje? Mtumaji huchanganya biti 2 za ujumbe na biti 2 za kubahatisha, zisizo na maana yoyote. Mpokeaji ana nafasi ya kuzipokea zote nne, kisha anazitupa za kubahatisha. Mdukizi ana nafasi ya biti 2 tu, na takataka zile zinaijaza yote. Hata akiwa na kompyuta kubwa kuliko zote duniani, hana la kukokotoa, kwa kuwa habari yenyewe haikumfikia. Yaliyowapata wale wa Kilindini kwa sababu ya umbali, Wyner aliyageuza kuwa kanuni ya hesabu.

Wanafunzi mtaniuliza: na mdukizi akiwa karibu na mnara kuliko mpokeaji? Tofauti inakuwa sifuri au chini yake, na siri hiyo haipo. Hapo ndipo muda unapoingia.

Hoja ya 2: Kuchagua wakati ni nusu ya ulinzi

Njia ya mawimbi haikai hali moja. Mawimbi hugonga kuta, mabati, magari na miili ya watu, yakafika kwenye antena kwa njia nyingi. Mara yanasaidiana, mara yanauana. Sogeza simu sentimita chache na hali hubadilika. Na mabadiliko anayoyapata mpokeaji siyo anayoyapata mdukizi aliye mahali pengine.

Wazee wa pwani wataielewa hoja hii haraka kuliko wahandisi. Nahodha wa jahazi hakushindana na upepo. Alikuja na kaskazi, akatia nanga, akangoja kusi imrudishe. Safari ilikuwa ni kujua majira, na kungoja kulikuwa sehemu ya safari.

Turudi kwenye hesabu. Tuseme nusu ya muda mpokeaji anasikia mara 15 na mdukizi mara 3, na nusu nyingine mambo yanageuka: mdukizi mara 15, mpokeaji mara 3. Kwa wastani wako sawa kabisa, kila mmoja ana biti 3 kwa mpigo. Anayetazama wastani atasema hakuna siri. Lakini mtumaji akirusha katika nusu njema tu na kunyamaza katika nusu mbaya, anapata biti 2 za siri kwa nusu ya muda, yaani wastani wa biti 1 kwa kila mpigo. Siri imetoka mahali ambapo wastani ulisema haipo.

Tuendelee hatua moja. Aliyenyamaza nusu ya muda amebakiza betri. Akizitumia nguvu hizo katika nusu njema, ishara kwa mpokeaji inakuwa mara 30 na kwa mdukizi mara 6. Ukikokotoa utapata siri ya takriban biti 1.07 badala ya 1. Tumeongeza nguvu maradufu tukapata nyongeza ndogo mno, kwa sababu nguvu humnufaisha mdukizi pia. Faida kubwa ilitoka kwenye kuchagua wakati. João Barros na Miguel Rodrigues walilieleza jambo hili mwaka 2006: kwa sababu ya kubadilika-badilika kwa njia, siri inaweza kupatikana hata pale ambapo mdukizi, kwa wastani, anasikia vizuri kuliko mwenye haki.

Na ile nusu mbaya, je, ipotee bure? Hasha. Chukua watu wawili wanaohudumiwa na mnara mmoja, Asha na Bakari, kila mmoja akitaka jambo lake lisisikike na mwenzake. Asha anaposikia mara 15 na Bakari mara 3, mnara umpelekee Asha. Hali ikigeuka, umpelekee Bakari. Namba ni zile zile, lakini sasa muda wote unatumika, na kila mmoja anapata wastani wa biti 1 ya siri ambayo jirani yake hawezi kuifungua. Kama hali isingebadilika, ni mmoja tu, yule anayesikia vizuri zaidi, ambaye angeweza kuwa na siri.

Hoja ya 3: Anayengoja zamu anaweza kuwa mlinzi

Mpaka sasa anayengoja amekuwa kimya. Hoja ya tatu inampa kazi. Asha na Bakari sasa wanataka kutuma kwenda mnarani, na mdukizi ameketi mahali pazuri: ishara ya kila mmoja inamfikia kwa nguvu mara 15 ya kelele, sawasawa na inavyoufikia mnara. Nne toa nne ni sifuri. Kila mmoja akituma kivyake, hata akipewa siku nzima, hana siri.

Sasa wapeane zamu kwa namna hii. Asha anapotuma ujumbe, Bakari anarusha kelele ya kubahatisha. Mnara una antena kadhaa na unajua Bakari yuko upande gani, kwa hiyo unaifuta kelele hiyo. Tuseme baada ya kuifuta, ishara ya Asha bado ni mara 15. Mdukizi mwenye antena moja hawezi kuwatenganisha. Ikiwa kelele ya Bakari inamfikia kwa nguvu mara 4 ya kelele ya kawaida, jumla ya kelele yake ni 5, na 15 gawanya kwa 5 ni 3. Uwezo wake umeshuka kutoka biti 4 hadi 2, na Asha amepata biti 2 za siri. Zamu ikigeuka, Bakari anatuma na Asha anamkinga. Kila mmoja ametumia nusu ya muda kwa ujumbe wake na nusu kwa ajili ya mwenzake, akapata wastani wa biti 1. Walipokuwa kila mtu na lwake walikuwa na sifuri.

Ender Tekin na Aylin Yener walichapisha uchambuzi wa ushirikiano wa aina hii mwaka 2008, na mwaka huo huo Satashu Goel na Rohit Negi walieleza jinsi kelele ya kutengenezwa inavyoweza kuelekezwa ili impige mdukizi na kumkwepa mpokeaji. Mimi nataka tuutazame upande wa haki. Bakari anapomkinga Asha, betri ya Bakari ndiyo inayoisha. Ikiwa Bakari ni kihisio kidogo shambani na Asha ni mtambo uliounganishwa na umeme, zamu sawa kwa sawa ni dhuluma. Ratiba ya zamu kwa hiyo ni mkataba: inaamua nani anachoka kwa ajili ya nani, na kwa kiasi gani. Mhandisi anayeipanga ana wajibu wa kuipanga kwa uadilifu, akijua uwezo wa kila mmoja.

Hoja ya 4: Kupokezana huzaa ufunguo

Shannon alidai ufunguo mrefu kama ujumbe. Katika vita vya pili vya dunia, mtambo wa SIGSALY uliounganisha wakuu wa London na Washington tangu 1943 ulilipa bei hiyo kwa sahani za santuri. Sahani mbili zilirekodiwa kelele ile ile, moja ikapelekwa kila upande, zikachezwa kwa wakati mmoja barabara, na zikiisha kutumika zikaharibiwa. Siri ya sauti zao ilitegemea mitambo miwili ya santuri kwenda pamoja bila kupishana.

Sisi leo tunaweza kuichuma kelele hiyo hewani. Simu yangu inarusha ishara fupi inayojulikana, yako inapima jinsi njia ilivyoibadilisha. Mara moja tunabadilishana zamu: yako inarusha, yangu inapima. Njia ni ile ile kwenda na kurudi, kwa hiyo vipimo vyetu vinakaribiana sana, na tofauti ndogo zinasahihishwa kwa kuongea waziwazi. Mwaka 1993 Ueli Maurer alieleza kwa hesabu jinsi watu wawili wanavyoweza kutoa ufunguo wa siri kutokana na kubahatisha wanakoshiriki, hata mazungumzo yao ya kusahihishana yakisikika na wote. Kwa masafa ya gigahezi 2.4, ambayo Wi-Fi nyingi hutumia, urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, na mahali penye vizuizi vingi mtu aliye mbali zaidi ya nusu ya urefu huo hupima kitu kingine kabisa.

Sharti ni kupokezana haraka. Mtu akitembea kwa miguu, njia hiyo hubadilika ndani ya makumi machache ya milisekunde. Ukichelewesha zamu yako, unapima njia nyingine.

Na hapa mgawo wa muda unakuwa hesabu ya wazi. Tuseme tunavuna biti 10 za ufunguo kwa sekunde. Ujumbe mfupi wa simu wenye herufi 160 una biti 1,120. Ili kuufunika wote kwa siri kamili ya Shannon tunahitaji sekunde 112 za kuvuna. Namba ya siri ya tarakimu nne, ile tunayobonyeza tunapotuma pesa kwa simu, inahitaji biti 14 tu, yaani sekunde moja na kitu. Kwa hiyo si kila ujumbe unastahili muda ule ule. Mpangaji mwema wa zamu hutenga muda wa kuvuna kulingana na uzito wa siri inayosubiri kupita.

Mipaka ya hoja hizi

Ningewakosea nikiwaacha mdhani kwamba tumepata dawa ya kila ugonjwa. Kuna mipaka minne.

Kwanza, mdukizi asiyerusha chochote hajulikani aliko. Hesabu zangu zote zilidhani tunajua anavyosikia. Katika kazi halisi inatupasa kukadiria, na kuweka akiba ya usalama, yaani kutuma kidogo kuliko hesabu inavyoruhusu.

Pili, mdukizi mwenye antena nyingi anaweza naye kuifuta kelele ya mlinzi. Na njia isiyobadilika, kama ya mtambo uliofungwa ukutani katika chumba kisicho na mtu anayepita, haitoi majira ya kuchagua wala ufunguo wa kuvuna.

Tatu, ratiba yenyewe inasema mambo. Katika vita vya redio, kujua nani alirusha, lini, na kwa muda gani kumetoboa siri nyingi hata pale maneno yalipobaki yamefichwa. Zamu inayonyamaza kila isipokuwa na ujumbe inamwambia mdukizi kwamba hakuna ujumbe. Dawa ni kuzijaza zamu tupu kwa biti za kubahatisha, na hiyo nayo inakula muda na betri.

Nne, kelele hewani ina sheria. Hakuna anayeruhusiwa kuvuruga masafa ya watu wengine kwa kisingizio cha kujilinda. Ninachokieleza kinafanyika ndani ya masafa yenye kibali, kwa makubaliano, na kwa nguvu iliyopimwa.

Kwa hiyo zamu hizi haziji kuiondoa misimbo, zinakuja kusimama nyuma yake. Msimbo A5/1 unaolinda GSM ulionyeshwa hadharani mwaka 2009, na mtafiti Karsten Nohl na wenzake, kwamba unaweza kuvunjwa kwa vifaa vya bei ya kawaida. Msimbo ukishindwa, ni jambo kubwa kama nyuma yake kuna ulinzi mwingine usiotegemea udhaifu wa kompyuta za adui.

Kazi inayotungoja

Mabibi na mabwana, mwezi Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya misimbo iliyoundwa kuhimili kompyuta za kikwanta. Dunia inajiandaa. Lakini vifaa vingi vitakavyowekwa katika nchi zetu, vipima maji, vihisio vya mashamba, vifaa vya zahanati za mbali, vitakuwa vidogo, vya betri, na vitaishi miaka mingi bila kubadilishwa. Misimbo mizito itavielemea. Vifaa hivyo vitakuwa vingi, vitakaribiana, na vyote vitakuwa vikingoja zamu. Hali hiyo ndiyo hasa hoja zangu zinayoitaka.

Naomba mambo matatu. La kwanza ni kwa vyuo vyetu: tupime njia zetu wenyewe. Hesabu ninazosoma vitabuni zimejengwa juu ya vipimo vya miji mingine. Nani amepima mawimbi yanavyobadilika katika vichochoro vya Mji wa Kale, baina ya kuta nene za mawe ya matumbawe? Nani amepima kwenye kivuko cha Likoni, ambapo watu na magari husogea bila kutulia, au chini ya mapaa ya makuti? Kipimo cha namna hiyo kinaweza kufanywa na wanafunzi wawili wenye vifaa vya redio vya mezani, na matokeo yake yatatuambia ni biti ngapi za siri ambazo mji wetu unaweza kutoa.

La pili ni kwa wanaosimamia masafa Kenya, Tanzania, Uganda na majirani: mnapoandika kanuni za mitandao ijayo, tengeni masafa ya majaribio ambamo watafiti wataruhusiwa kujaribu kelele ya ulinzi kwa makubaliano na chini ya uangalizi.

La tatu ni kwa nyinyi vijana mtakaoandika programu za minara na vihisio. Ratiba ya zamu mtakayoipanga itaamua nani anasikika, nani anakingwa, na betri ya nani inalipa. Ulizeni maswali hayo matatu kabla ya kuandika mstari wa kwanza, na mjibu kwa hesabu. Wahandisi wa kizazi changu walijifunza kugawa muda ili wengi waongee. Nyinyi mna hesabu na vifaa vya kuugawa ili wengi waongee salama, na nafasi ya kufanya hivyo ni sasa, kabla vifaa hivyo havijatandazwa kila kijiji.